Aliyeonja Kwanza

Waliokuwepo Nyantende jioni ile ni hawa.

Alphonse Bisimwa, muuzaji, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Kamituga. Yeye alisimama uani muda wote, na hakuingia hata mara moja katika nyumba aliyokuwa anaiuza. Lucien Balagizi, komisioneri, kazi yake kuwakutanisha wenye nyumba na wanaozitafuta. Floribert Cirhuza, kapita, yaani mkuu wa kijiji, shahidi wa mauzo. Josué Mushagalusa, shemasi wa kanisa, mnunuzi kwenye karatasi. Rosalie Nsimire, mjane wa Elysée, kaka yake Josué. Huyu Rosalie ndiye angekaa humo na binti yake.

Na mwanamke mzee mmoja, ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Jina lake halikutajwa.

Elysée alikuwa amezikwa kabla ya masika. Baada ya matanga, familia ya mume ilikaa sebuleni mwake, mtaa wa Muhumba mjini Bukavu, ikasema kwamba nyumba ile ni ya ukoo. Josué akahamia na mke wake Françoise. Rosalie hakubishana. Hakulia pia. Tangu mazishi alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini si wako. Alikula kwa sababu chakula kilikuwa mbele yake. Binti yake Tatiana, wa miaka saba, alilala kwenye mkeka sebuleni kwa jirani, na kila asubuhi aliuliza swali lile lile.

"Maman, leo tutapata nyumba?"

Ndipo Josué, ambaye hakupenda kusemwa vibaya kanisani, akamtafuta Lucien.

"Nyantende iko kalme, maman," Lucien alikuwa amesema njiani, huku akigeuka-geuka kwenye kiti cha mbele cha teksi. "Hewa ya bure! Ndizi inakuangukia mu sahani!"

"Maji iko?" Rosalie aliuliza.

"Maji? Maji iko sana."

"Wapi?"

"Kwa jirani."

Josué alicheka. Rosalie aliangalia mikaratusi ikipita dirishani.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, mabati yake mazima, nyuma yake shamba la ndizi lililoteremka hadi kijito. Karatasi iliandikwa kwa jina la Josué.

"Shemeji, mwanamuke mujane banamusumbuaka sana ku biro," alimweleza. "Na siku hizi benki imefungwa. Nyumba njo benki."

"Sawa," alisema Rosalie.

Ikabaki bia.

Katika vilima vile mauzo ya nyumba hayajaisha mpaka kasiksi, bia ya ndizi, inywewe ndani yake. Na mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu wote. Sababu yake kila mtu wa Bukavu anaijua: karuho, sumu ile inayomla mtu polepole mpaka abaki mifupa. Anayeonja kwanza anasema bila kutamka: mko kwangu, na mnachokunywa ni salama.

Kapita alimimina kutoka kwenye bidoni hadi kibuyu kikajaa. Nje mwanga ulikuwa unakwisha.

"Alphonse!" Lucien aliita mlangoni. "Kuya uonje, giza inaingia!"

"Onjeni tu."

"Onjeni tu? Mwenye nyumba njo anaonjaka! Ao umetutilia kitu?"

"Miye niko sawa hapa inje. Tumbo inaniuma."

"Tumbo ya dhahabu hiyo," alisema Josué. "Inaogopa bia ya maskini."

Walicheka. Alphonse hakucheka. Alikuwa amegeukia barabara, mikono ameifungia kwapani.

Kibuyu kilikaa mikononi mwa kapita. Hakuna aliyekigusa.

Ndipo mkono ukanyooshwa kutoka karibu na mafiga. Mkono mkavu, mwembamba, na kitambaa cheusi cha mjane kimefungwa kwenye kifundo. Yule mwanamke mzee alichukua kibuyu taratibu, kama mtu anayechukua kilicho chake. Akanywa.

Koo lilisikika.

Alikunywa muda mrefu kuliko mtu anayeonja. Alipomaliza hakukohoa, hakupangusa mdomo. Akampa Rosalie kibuyu kwa mikono miwili.

"Kunywa, mugeni wangu."

Rosalie alikunywa. Bia ilikuwa baridi, baridi ya maji ya kisimani, na ilinuka majivu yaliyonyeshewa. Akashtuka. Si kwa baridi. Tangu azike mume wake, hicho kilikuwa kitu cha kwanza ulimini mwake kuwa na ladha.

Lucien alikunywa. Kapita alikunywa. Josué alisukuma kibuyu pembeni kwa vidole viwili.

"Miye niko shemasi, maman muzee. Sikunywake."

Mwanamke mzee alimtazama.

Wakatia saini kwa mwanga wa simu, wakatoka; Alphonse alitia yake uani. Kwenye njia ya kuteremkia barabarani Lucien alimgusa kapita bega.

"Papa Floribert, mama yako hatatuaga?"

"Mama yangu?" Kapita alisimama. "Mama yangu alikufaka. Ule si muzee wenu? Mulikuya naye."

"Tulikuya naye wapi? Teksi ilikuwa na batu batatu na shofere."

Wote wawili wakamgeukia Rosalie.

"Nilizani iko mama ya Alphonse," alisema.

Wakamtafuta Alphonse. Alikuwa tayari mbali chini, akikimbilia pikipiki yake. Waliisikia ikiwaka, kisha ikiondoka bila taa.

Kapita alirudi peke yake mpaka mlangoni, akachungulia. Kigoda kilikuwa kimelazwa juu ya mafiga, miguu juu. Mafiga yalikuwa baridi.

"Hakuna mutu," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, kana kwamba mtu mwingine amemuuliza. "Hakuna..."

Kwa siku kadhaa Lucien alipiga simu kila asubuhi.

"Maman Rosalie, tumbo iko namna gani?"

"Iko vizuri."

"Hauharishi? Ngozi haiumi?"

"Hapana."

"Miye nimeenda ku laboratware mara mbili. Banasema sina kitu." Alivuta pumzi. "Basi. Mungu iko."

Walikuwa wazima wote waliokunywa. Lucien akaacha kupiga simu, na Rosalie akahamia Nyantende na Tatiana, vitanda viwili, masufuria, na koti la Elysée ambalo hakujua alibebe kwa nini. Tatiana alikimbia chumba hadi chumba akigusa kuta.

"Hii iko yetu, maman? Hii pia?"

"Eh."

"Hakuna mwenye atatufukuza?"

Rosalie akamtuma akaokote kuni.

Kapita Floribert alikuja jioni ile ile. Hakuketi. Alisimama kwenye kizingiti akivingirisha kofia yake.

"Binti yangu, nilipashwa kukuambia mbele. Nilisikia haya." Alitazama shamba la ndizi. "Hii nyumba ilikuwaka ya mutu anaitwa Ntwali. Alikufa, akaacha muke. Miye nilikuwa kijana. Muke akagonjwa, akalala humu ndani. Bandugu ya mume bakaleta munuzi. Bakakunywa bia hapo unasimama. Yeye alikuwa anabasikia. Hakuna mwenye alimupelekea hata kopo moja."

"Kisha?"

"Kisha alikufa. Bakamuzika chini kule, bila hata musalaba."

"Aliitwa nani?"

"Tulimwitaka muke ya Ntwali."

"Jina yake yeye mwenyewe, papa."

Upepo ulipita juu ya migomba.

"Hakuna mwenye aliuliza," alisema.

Alivaa kofia, akageuka aende, akasimama tena akiwa amempa mgongo.

"Ule muzee atakuuliza hii nyumba iko ku jina ya nani. Nyamaza. Alphonse aliulizwa, akajibu. Alinunuaka ku jina ya ndugu yake mukubwa."

"Na mukubwa yake iko wapi?"

Kapita alishaondoka.

Rosalie hakuogopa. Alijaribu, kama mtu anayejibonyeza mguu uliokufa ganzi, lakini hakuhisi kitu. Alipika, akala, akafunga mlango, akafungua mlango. Mvua ilinyesha, jua likatoka. Tatiana alipata sketi ya shule na rafiki mwenye mbuzi. Alianza kuimba akiwa anaoga.

Kisha Josué akapiga simu. Ilikuwa jioni, ukungu unapanda kutoka kijitoni.

"Shemeji, usifungue mizigo yote."

"Juu ya nini?"

"Lucien amepata mutu. Mutu ya shirika, anataka kufanya shamba ya kuku. Bei iko mzuri sana, shemeji, hatuwezi kukataa baraka. Mutatoka mwisho wa mwezi."

"Tutaenda wapi?"

"Mungu hakosake njia."

"Josué. Mutoto ameanza masomo hapa."

"Masomo iko kila pahali. Usinifanye mutu mubaya, Rosalie. Nyumba iko ku jina yangu, sivyo? Nilikusaidia tu."

Akakata.

Rosalie aliweka simu juu ya meza. Tatiana alikuwa amelala mapema, mguu mmoja nje ya blanketi. Moto ulikuwa unafifia. Rosalie aliinama kuupuliza.

Ukanuka.

Majivu yaliyonyeshewa.

Hakugeuka mara moja. Alisikia kigoda kikivutwa sakafuni. Taratibu... Kikasimama. Alisikia mtu akiketi, na ile pumzi ya wazee wanapopumzisha magoti.

"Jioni njema, maman muzee," alisema Rosalie.

"Jioni njema, mugeni wangu."

Aligeuka. Kitambaa cheusi kilikuwa pale pale kwenye kifundo. Uso ulikuwa wa mwanamke yeyote mzee wa vilima vile, anayepanda Bukavu na kikapu mgongoni na kurudi bila mtu kumkumbuka. Ila macho yake hayakuwa na mwanga wa moto ndani yake, ingawa aliuelekea.

"Mutoto amelala vizuri," alisema mwanamke mzee.

"Eh."

"Anaimbaka."

"Eh, maman."

Nje hakuna chura, hakuna mbwa. Rosalie alisikia tone la maji likianguka kutoka kwenye nguo ya yule mama. Kisha lingine.

"Miye sikufukuzake mugeni mwenye alikunywa bia yangu," alinong'ona. "Mukae. Lakini kuko mutu anasema hii nyumba iko yake."

Rosalie alitazama moto.

"Iko ku jina ya nani?"

Alikumbuka maneno ya kapita. Aliyakumbuka vizuri, neno kwa neno, pamoja na kofia iliyokuwa inavingirishwa. Alijua pia kwamba akinyamaza, yule mama ataondoka kama alivyokuja, na mwisho wa mwezi utafika, na Tatiana atarudi kwenye mkeka wa jirani. Mambo hayo mawili yalikaa mbele yake kama sahani mbili juu ya meza. Hakusikia hasira. Angependa kuisikia. Alitafuta ndani yake chuki, huruma, hofu ya Mungu, chochote cha kumshika mkono. Hakupata.

"Iko ku jina ya nani, binti?"

Masista wa shule ya msingi walikuwa wamemfundisha kutaja jina la mtu kamili, la ubatizo kwanza, lisilokatwa.

"Josué Mushagalusa," alisema.

"Rudilia."

"Josué Mushagalusa. Anakaa Muhumba."

Hakuna aliyemuuliza mahali. Aliongeza mwenyewe.

Mwanamke mzee alitikisa kichwa polepole, midomo ikienda, kama mtu anayejifunza neno la kupeleka sokoni. Kisha akainuka. Alipofika kitandani kwa Tatiana akainama.

Rosalie alisimama wima. Sasa moyo uligonga. Mara moja tu, kwa nguvu.

Yule mama alishika ncha ya blanketi, akaufunika mguu wa mtoto, akaubana vizuri pembeni. Akatoka. Mlango haukulia. Kati ya migomba ukungu ulifunguka, ukajifunga, na majani hayakutikisika.

Rosalie aliketi kwenye kigoda. Kilikuwa kimelowa. Aliketi hapo mpaka moto ukazimika, akisubiri kulia, na machozi hayakuja.

Asubuhi Tatiana alikwenda shule. Rosalie alikuwa anamenya ndizi za mchana simu ilipoita. Ilikuwa namba ya Françoise, mke wa Josué. Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wengi.

Josué Mushagalusa alikufa alfajiri, katika nyumba ya Muhumba, akifunga kamba za viatu.