Jiko na Piano

Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi siku vifaa vya ile hoteli ya zamani vilipopigwa mnada. Vitanda vimesimamishwa ukutani, mapazia yamerundikwa sakafuni kama nguo za kufua, na dalali, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, amepanda juu ya meza anatoka jasho.

Mpishi mmoja alikuwa amefika tangu asubuhi. Nyumbani na kazini walimwita Chachu, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kuumuka. Alivaa gauni la buluu lenye mifuko mikubwa na kitambaa cha njano kichwani, na macho yake hayakubanduka kwenye jiko moja la chuma lenye meko sita. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepika kwenye majiko ya watu wengine. Hili alilitaka liwe lake.

"Fungu la kumi na nne!" dalali akapaza sauti. "Jiko na piano, vinakwenda pamoja!"

Chachu akainua mkono. Nyuma yake mwanamume akainua wake. Chachu akapandisha bei, yule naye akapandisha. Wakaenda hivyo hadi watu wakaanza kuwageukia kama wanatazama mechi. Mwishowe Chachu akashindwa kuvumilia, akageuka.

"Kaka, wewe unapika?"

"Mimi? Hata maji ya chai huwa yananiunguzia sufuria."

"Sasa jiko la nini?"

"Nani anataka jiko? Nataka piano."

Chachu akamtazama vizuri. Shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, vidole virefu, viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono. "Kaka yangu," akasema, "mimi piano sina hata pa kuiweka. Robo saa nzima tunagombana bure."

"Jamani, hawa wakipatana mimi nitakula nini?" dalali akalalamika, na umati ukaangua kicheko. Lakini walishapatana. Fungu likawa lao, nusu kwa nusu.

Shida ikawa mahali. Chumba cha kupanga cha Chachu kisingeweza kumeza jiko lile hata kwa kusukumwa. Yule mwanamume, aliyekuwa mpiga piano wa kwenye harusi na mahafali na aliyejulikana mjini kwa jina la Kinanda, alikuwa ameachiwa na marehemu baba yake karakana ya viatu. Ilikuwa jengo refu lenye madirisha makubwa upande wa barabarani, na kuta zake bado zilinuka ngozi na gundi. Jiko na piano vikashushwa humo.

"Nitakuja kulichukua wiki ijayo," Chachu akasema.

Wiki ijayo akaja na brashi ya waya akalisugua. Iliyofuata akaja na mtungi wa gesi, alijaribu tu. Jumamosi moja akaoka samaki kwa vitunguu saumu na ndimu, Kinanda naye akawa anapiga piano aliyokwisha kuikaza nyuzi. Madirisha yalikuwa wazi. Watu wawili wakasimama nje, kisha watano, kisha mama mmoja aliyevaa nguo za kazi akachungulia, akauliza, "Mnafungua saa ngapi?"

Wakatazamana.

"Hivi kweli," Kinanda akasema, "tunafungua saa ngapi?"

Ndivyo ushirika ulivyoanza. Yeye muziki, Chachu chakula. Cha tatu kilichokosekana kililetwa na shangazi yake Chachu, mstaafu wa kazi za ndege, mwanamke mrefu asiyetoka nyumbani bila hereni.

"Mvinyo niachieni mimi," Shangazi alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Nimeumimina angani miaka ishirini na miwili, ndege inatikisika hivi na hivi, na sijamwagia abiria hata tone. Najua upi unakwenda na samaki na upi wa kumpa mtu anayejifanya anajua." Halafu akamnong'oneza mpwa wake kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Na huyu mwenye vidole ni wa nani?"

"Ni mshirika wangu wa biashara, Shangazi."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Miezi minne walipaka rangi, wakapiga randa meza, wakang'oa vigae. Alfajiri Chachu alimpigia Kinanda simu kutoka sokoni.

"Amka wewe, jua limeshakukuta."

"Nani mwenzangu?"

"Mshirika wako wa biashara."

"Mwongo. Mshirika wangu huniletea mkate kwanza, ndipo ananisumbua."

"Ninao hapa kwapani. Unapoa."

"Basi njoo, malkia wangu wa meko sita. Mimi nimeshaamka tangu jana."

Chachu alicheka peke yake katikati ya nyanya na karoti, muuza mboga akamtazama na kutikisa kichwa. Jioni walipotembea kwenda kituoni, Kinanda alikuwa na mtindo wa kumzunguka na kumweka upande wake wa kulia. Chachu aliona ni adabu za malezi tu. Hakuuliza.

Siku tisa kabla ya ufunguzi, moyo wake ulimjaa hadi juu. Walikuwa jikoni, vitunguu vinakaangika, feni ya kutoa moshi inanguruma. Kinanda alikuwa kwenye sinki anafuta glasi mpya za Shangazi, na Chachu alisimama karibu naye, kushoto, mwiko mkononi. Akasema kabla hajapata muda wa kujizuia.

"Mimi nakupenda. Sisemi mambo ya ushirika. Nakupenda wewe."

Kinanda aliendelea kufuta glasi. Akaiinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Hii ina ufa," akasema. Akaiweka pembeni, akachukua trei, akatoka.

Chachu alibaki pale hadi vitunguu vikawa vyeusi.

Kuanzia siku hiyo akawa barafu. Simu za alfajiri zikakatika. Akaanza kumwita "Ndugu Mshirika" na kumwandikia mambo kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni: viti viletwe Alhamisi, mlango wa nyuma unakwaruza. Kinanda alisoma zile karatasi akiwa amesimama, mikono mifukoni, kama mwanafunzi anayetazama matokeo mabaya.

"Nimekosa nini?" alimuuliza siku moja.

"Hujakosa kitu, Ndugu Mshirika. Kazi iendelee."

Siku ya tano Chachu aliingia kwa mlango wa nyuma na kapu la limau akamkuta anaongea na simu ukumbini, mgongo ukiwa kwake.

"Ndiyo, binti yangu, uanze Jumapili hiyo hiyo ya ufunguzi. Ndiyo, mahali pangu. Mimi sitakuwepo tena."

Kapu likatua chini kwa kishindo. Kinanda akageuka.

"Hutakuwepo?" Chachu akauliza. "Siku nne zimebaki, na hutakuwepo?"

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Uniambie nini? Kwamba unakimbia? Ungesema tu hunitaki, mimi ni mtu mzima, ningemeza. Neno moja tu limekutoa mbio namna hii?"

"Neno gani?"

"Usijifanye hukusikia!"

Kinanda alibadilika rangi. Kisha akachukua koti lake kwenye kiti cha piano, akapita kando ya limau zilizotawanyika, akaenda zake.

Siku mbili simu yake iliita bila kupokewa. Shangazi alipanga chupa kwenye rafu bila kusema neno, jambo ambalo kwa Shangazi lilikuwa kama ugonjwa. Jioni ya pili akasema, "Mwanangu, mtu akikuchoka hapigi piano namna ile unapoingia chumbani. Mimi nimeona. Mpigie tena."

Akapiga asubuhi ya tatu, na safari hii sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitika.

"Ni wewe mpishi?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja upige nikiwa karibu na hii simu. Yeye yuko barazani, na kaiacha ndani makusudi. Sasa sikiliza, maana yeye hatakuambia, ni mwenye kiburi kama baba yake. Huyu sikio moja limekufa. Tangu mwaka jana."

Chachu akakaa juu ya gunia la viazi. "Lipi, mama?"

"La kushoto. Hata ukipasua sahani halisikii. Na daktari kamwambia la kulia nalo linafuata, polepole. Labda miaka, labda pungufu. Ndiyo maana kamtafuta binti mwingine akupigie piano. Anasema hawezi kukuharibia ndoto yako."

Chachu alitazama sinki. Alitazama pale alipokuwa amesimama na mwiko wake, na akashika kichwa.

Hakuvua hata aproni. Alifika kwa mama yake Kinanda akinuka vitunguu, akapanda ngazi za ghorofa ya pili, akamkuta Kinanda amekaa barazani na kiatu cha mama yake magotini anagundisha soli. Fulana imechakaa, ndevu hazijanyolewa. Chachu akavuta kigoda akakiweka upande wa kulia, akakaa. Kinanda aliona mahali alipochagua kukaa, na akajua kwamba ameshaambiwa.

"Mama huyu," akasema taratibu.

"Mwache mama. Wiki iliyopita jikoni, ukifuta glasi, nilikuambia kitu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Sikumbuki kama uliniambia kitu."

"Ulinijibu, 'Hii ina ufa.'"

Akafikiri. "Lakini ilikuwa na ufa kweli."

"Nilikuwa nimekuambia nakupenda."

Gundi ilimdondokea kwenye suruali na hakuifuta. Akamtazama Chachu, akatazama kiatu, akamtazama tena.

"Na mimi nikakujibu habari za glasi?"

"Na ukaondoka na trei."

Kicheko kilimtoka Chachu kwanza, kikamshika Kinanda, na wote wawili wakacheka hadi mama akachungulia mlangoni kisha akarudi ndani upesi. Kilipoisha, macho ya Kinanda yalikuwa na maji.

"Mazoezini wiki iliyopita nilikosea mara tatu," akasema. "Sikujua kama nimekosea. Nilijua kwa kuona uso wa mpiga ngoma. Unajua hofu ya kitu kama hicho? Watu wamekaa, wamevaa vizuri, wanasikiliza, na mimi ndiye peke yangu sijui ninachopiga. Na wewe ungenihurumia. Kila siku ungenihurumia, na ukumbi wako ungezama pamoja na mimi."

"Wangu tangu lini? Ni wetu." Chachu akamnyang'anya kile kiatu akakiweka chini. "Na huruma gani? Ukikosea nitakuambia umekosea. Umewahi kuniona nikinyamaza?"

"Siku tano uliniita Ndugu Mshirika."

"Nilikuwa naumwa moyo, mjinga wewe. Nisamehe kwa hilo." Akashusha sauti, akakumbuka, akaipandisha tena. "Siahidi kwamba haitauma. Itauma, na mimi naogopa pia. Ila ningependa tuogope tukiwa pamoja. Yule binti uliyemwita aje, kazi ipo ya wawili. Wewe utapiga kadiri utakavyoweza. Siku utakayoacha, utaacha kwa sababu umeamua, lakini hutaacha kwa kunikimbia."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

"Nilikupenda tangu ulipokuja kulisugua lile jiko kwa brashi ya waya," Kinanda akasema. "Ulikuwa unaliongelesha."

"Sikuliongelesha."

"Ulikuwa unaliita 'mpenzi'. Nikalionea wivu."

Jumapili ya ufunguzi walianza mchana. Madirisha yote wazi, meza zimejaa, kuna waliosimama na glasi zao mlangoni. Shangazi, katika gauni la kijani lililomfika visiginoni, alipita katikati ya wageni akimimina mvinyo kwa mkono mmoja bila kutazama, na aliyejifanya anajua alipewa ule wake. Chachu alitoa supu ya maboga, akatoa samaki, akatoa kondoo aliyeiva hadi anaachia mfupa wenyewe. Mama yake Kinanda alikula kimya kisha akaomba tena.

Kinanda na yule binti walipokezana. Mara moja Kinanda alichelewa kuacha, mwimbaji ameshamaliza na yeye bado anaendelea. Chachu alisimama kwenye mlango wa jikoni, sahani mbili mikononi. Binti akamgusa Kinanda bega. Kinanda akainua uso, akaona ukumbi wote unamtazama, akasema kwa sauti, "Hiyo ilikuwa nyongeza, msiilipie!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaendelea kula. Akaanza wimbo uliofuata.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Kinanda aliponyemelea kumfuata Chachu uani. Chachu alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, amevua viatu, miguu imevimba, uso unang'aa kwa joto.

"Meza ya nne wanataka mkate," Kinanda akasema.

"Wape."

"Nimeshawapa." Akachuchumaa mbele yake. "Nataka nikuoe."

Chachu akaacha kujipepea.

"Sitaki tungoje mwaka. Sitaki tungoje mpaka biashara isimame. Itakuja siku nitakuwa nasoma maneno yako midomoni, na nitashukuru, sitalalamika. Ila jibu la hili nataka nilisikie, mpenzi. Kama ni hapana, nataka niisikie pia."

Ndani, Shangazi alikuwa anamcheka mtu. Chachu aliinuka, peku kwenye sakafu ya saruji, akamwinua kwa mikono yote miwili, akamzunguka akasimama kulia kwake, karibu kabisa, hadi shavu lake likagusa kola ya shati.

"Ndiyo," akasema.

Kinanda alikuwa amefumba macho. "Tena."

"Ndiyo, mume wangu."

"Tena."

Akamwambia tena.