Hoja ya Tina Barazani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tina alifagia ua wa nyumba yao pale Zinga huku akiwahutubia bata. Siku hiyo sauti ilipanda kuliko kawaida, kwa maana mchana Baraza la Wanafunzi lingejadili hoja yake: wasichana nao wapewe zamu katika kiwanja cha mpira.

"Bata wamekwisha kuafiki," mama yake alimwambia kutoka jikoni. "Sasa kaoge, utachelewa."

Mchana darasa la sita liligeuzwa bunge. Abdulazizi, aliyekuwa Spika, alikaa mbele kwa mbwembwe. Ashatu, msichana mpole wa darasa la saba, alisimama mlangoni na utepe mwekundu begani. Ndiye aliyekuwa askari wa Baraza. Walianza na hoja ya vyoo, nayo ikavutwa weee, wajumbe wakirudia yale yale. Tina akanyoosha mkono. Spika hakumwona, au alijifanya hamwoni. Basi Tina akapanda juu ya dawati, akaanza kupiga makofi na kuimba. Wenzake wakacheka, kisha wakaitikia. Kikao kikageuka ngoma.

"Mheshimiwa Tina, toka nje," Spika akaamuru.

Ashatu akamshika mkono taratibu ili amtoe. Tina akamsukuma. Ashatu akajigonga kwenye kona ya dawati, kiwiko kikachubuka, damu ikatoka. Kicheko kikakatika.

Mwalimu Tekla, mlezi wa Baraza, aliahirisha kikao. Alimkuta Tina nyuma ya darasa, macho mekundu.

"Nilitaka wanisikie tu, mwalimu."

"Kuna aliyekusikia?"

Tina akatikisa kichwa.

"Ingekuwa Bungeni Dodoma," mwalimu alisema, "kuvuruga kikao au kumshambulia askari wa Bunge ni jinai. Mtu hushtakiwa mahakamani, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini au kufungwa jela. Wewe ni mtoto na hapa ni shuleni, lakini kanuni zetu mlizitunga wenyewe. Hutaingia kikao kijacho."

"Na hoja yangu?"

"Itasomwa. Hoja haikumsukuma mtu."

Jioni Tina alikwenda kwa kina Ashatu. Mama yake Ashatu alikuwa akikuna nazi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi ndiye niliyemuumiza Ashatu. Nimekuja kumwomba radhi."

Mama akaacha kukuna, akamtazama kidogo, akamwita binti yake. Ashatu alitoka na kiwiko kimefungwa bendeji. Tina akaomba msamaha bila kujitetea.

"Nimekusamehe," Ashatu alisema. "Kilichoniuma zaidi ni kwamba hoja yako hata mimi naitaka. Mimi ni kipa mzuri, hujui tu."

Kikao kilichofuata, Tina alikaa nje chini ya dirisha. Hoja yake ilisomwa na Anold, mvulana wa darasa lao, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Kila Tina alipotaka kupaza sauti, alijiziba mdomo kwa viganja. Ndipo Ashatu alipovua utepe, akampa mwenzake amshikie zamu, akaomba nafasi ya kusema.

"Mheshimiwa Spika, sisi tunachezea kwenye michongoma. Kila siku mpira unatoboka. Tupeni zamu, halafu mvulana yeyote aje anipigie penalti."

Wajumbe wakagonga meza. Wanaoafiki walipoulizwa, "ndiyo" yao ilitikisa mabati. Huko nje Tina aliruka peke yake mpaka mpishi wa shule akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Wasichana walipoingia kiwanjani kwa mara ya kwanza, Ashatu alidaka mashuti yote ya Tina. Walipopumzika, Mwalimu Tekla aliwakalisha nyasini.

"Mwenye kuvuruga kikao huiua hata hoja njema," alisema. "Askari wa kikao si adui yako. Analinda zamu ya kila mtu, na yako imo humo."

"Nimeelewa, mwalimu," Tina alisema. "Lakini Spika naye aangalie mikono ya watu."

Mwalimu akacheka. "Hilo lilete barazani. Kwa utaratibu."