Pembe Mbili za Shuka

Duka letu la dobi lilikuwa na chumba kimoja, meza ndefu ya kupigia pasi, na kamba sita uani. Baba alifua. Mimi nilipiga pasi. Mashuka tuliyakunja wawili, mimi na kaka yangu.

Kaka alizaliwa na ulemavu wa akili. Alikuwa na miaka thelathini, lakini kuhesabu kulimshinda, na ukimsemesha harakaharaka alichanganyikiwa. Ila kukunja mashuka! Hapo hakuwa na mpinzani. Alishika pembe mbili, nami mbili. Tunavuta, tunasogeleana, pembe zinakutana. Zikipishana hata kidogo, anaachia zote na kuanza upya. Wateja walimwita Bwana Mstari. Nayakumbuka mashuka yale, bado yana joto la jua, naye akinicheka nikikosea. Siku hizo sikujua kwamba nilikuwa na raha.

Siku moja mteja mwenye haraka alimpokonya shuka kabla hajamaliza kulikunja. Kaka akamsukuma. Mteja alianguka kwenye ngazi ya mlango, akavunjika mkono. Mahakama haikumfunga Kaka jela. Ilisema ni hatari kwa wengine, ikaamuru awekwe kwenye kituo cha uangalizi.

Miaka mitatu tulimtembelea kila mwezi. Kila mara aliuliza, "Mashuka yamekauka?" Nikamjibu bado. Ningemwambia nini? Nyumbani nilikunja peke yangu, upande mmoja nimeutundika kwenye msumari.

Ndipo akaja afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole.

"Mzee, mbona hamji mahakamani?"

"Kufanya nini?" Baba aliuliza. "Si walishaamua?"

"Amri ile si ya maisha. Kila mwaka hakimu huangalia upya kama bado ni hatari. Barua si mnaletewa?"

Baba aliitazama pasi kuukuu ya mkaa mwishoni mwa meza. Chini yake zilikuwepo barua tatu. Mbili hazijafunguliwa.

"Jalada linasema 'familia haikufika'. Mara tatu. Hakimu anaona hana pa kumpeleka," afisa alisema.

Baba alikaa chini. "Niliona aibu. Nilidhani wataniuliza kwa nini nilimlea vibaya."

Nilimkasirikia, sifichi. Miaka mitatu chini ya pasi! Nikazitoa zile barua, nikaanza kuzifungua.

"Hukumlea vibaya," afisa alisema. "Ulemavu si kosa, wala si kila mwenye ulemavu ni hatari. Ana haki ya kuwa na wakili, na ya kusema mwenyewe. Nyinyi leteni mpango wa kumtunza. Siku ile alikasirishwa na nini?"

"Kunyang'anywa kazi kabla haijaisha," nilijibu.

"Basi anzieni hapo."

Tukajenga kaunta ya mbao ili wateja wasivuke. Kule kituoni, mwalimu alimfundisha Kaka kurudi nyuma hatua mbili akikasirika, kisha kusema maneno matatu. Mimi nilienda kila wiki kumzoesha. Tulikunja mataulo ya kituo, nami nikimpokonya ili ajizoeze.

Siku ya kusikilizwa tulifika mapema, Baba amevaa koti lake la harusi. Daktari alisoma ripoti. Wakili alieleza mpango wetu. Hakimu akamuuliza Kaka anataka nini.

"Kwenda nyumbani," alisema. "Mashuka yamekauka."

Hakimu akamruhusu kurudi, kwa sharti kwamba afisa amtembelee kila mwezi.

Wiki ileile mteja mmoja alinyoosha mkono juu ya kaunta, akashika shuka tulilokuwa tunakunja. Kaka akaachia pembe zake. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Ngoja kwanza. Sijamaliza."

Mteja akarudisha mkono. "Samahani, Bwana Mstari. Nangoja."

Kaka akaokota pembe zake, tukavuta, tukasogeleana. Zangu zilipishana na zake, maana nilikuwa nalia. Akanicheka, akaachia zote, tukaanza upya.