Kilichoishinda Pikapu ya Leodgar

Pale Itetemia, ukisikia muungurumo wa pikapu ya Leodgar huna haja ya kuchungulia dirishani. Mwenyewe aliishi kwa kuvuta magari yaliyoharibika, na mwaka jana alichoka kuiona pikapu yake ikihema kila ilipofungiwa lori. Akaipeleka kwa Uwesu, fundi pampu wa mjini, mtu wa maneno machache na masikio makali. Uwesu akafunga tabo kubwa ya kuisukumia injini hewa, akabadilisha nozo za kunyunyizia mafuta, akafungua pampu imwage mafuta zaidi, akaweka rejeta pana na saa ya kupimia joto la moshi. Alipomaliza akaiwasha, akainamisha kichwa kusikiliza, akatabasamu.

"Sasa kavute kitu kizito," alisema. "Injini haipimwi ikiwa tupu. Ila mshale ukigusa pekundu, simama."

Leodgar alirudi nyumbani akipiga honi kama bwana harusi. Mama yake, Veneranda, alitoka na kandambili zake za bluu, mkanda wa moja umeshikiliwa na waya ambao Leodgar mwenyewe aliukaza kwa koleo.

"Mama, hakuna kitu chini ya jua ambacho gari hili litashindwa kuvuta!"

Mama akamwambia aache majigambo, ale kwanza.

Hata hajamaliza kula, simu ikaita. Lori dogo la asali limekufa upande wa Sikonge, dereva wake ameliacha na kutangulia mjini. Leodgar akamchukua mdogo wake, Festo, kwa sababu gari linalovutwa kwa mnyororo lazima liwe na mtu wa kushika usukani. Festo alikuwa mwalimu, mwembamba, mpole, mtu wa kumwamkia kila mzee hata asiyemjua.

"Mdogo wako nakukabidhi," mama alisema. "Mnirudie wote."

Walilikuta lori kwenye mteremko, breki hazishiki. Leodgar akatafuta jiwe la kuzuia tairi, na pembeni pale, kwenye njia ya zamani ya misafara, palikuwa na rundo zima. Rundo hilo kila mtu wa huko analijua. Wapagazi waliopita na pembe za ndovu mabegani walikuwa wakiacha jiwe mojamoja, uchovu ubaki hapo, wao waende wepesi. Hata leo warina asali hushuka kwenye baiskeli na kuongeza lao. Wanaongeza tu. Hakuna anayepunguza.

Leodgar aliyajua hayo tangu utotoni, lakini alikuwa na haraka ya kuijaribu injini yake. Akachukua moja, akazuia tairi, akafunga mnyororo, Festo akapanda kushika usukani wa lori. Kisha akalitupa jiwe nyuma ya pikapu, kama wafanyavyo madereva wote, maana jiwe zuri la kuzuia tairi haliachwi njiani.

Pikapu ilivuta. Aisee, ilivuta! Lori lilifuata kama mbuzi wa kamba, na Leodgar akawa anaimba peke yake ndani.

Walipokaribia Kipalapala, gari likaanza kuwa zito. Barabara ilikuwa tambarare na jua lilikuwa bado kali. Akapunguza gia. Mshale wa joto ukapanda. Akapunguza tena. Moshi mweusi ukatanda nyuma, pikapu ikawa inatambaa.

Simu ikaita. Alikuwa Festo.

"Kaka," alinong'ona. "Umepakia watu?"

"Watu gani?"

"Hawa walioshika mnyororo."

Leodgar akatazama kwenye kioo. Aliuona mnyororo. Aliliona lori. Hakuona mtu.

"Wako wangapi?"

"Wanaongezeka."

Mshale uligusa pekundu. Uwesu alisema asimame, lakini Leodgar aliogopa kusimama kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Festo, usiwatazame."

"Kuna mzee hapa dirishani. Anatembea sambamba na mimi. Amebeba kitu begani. Kaka, huyu mzee amechoka."

Halafu Leodgar akaisikia sauti ya mdogo wake, ile ya adabu waliyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Lete nikupokee."

"Festo! Usi—"

Pikapu ikaruka mbele. Mshale ukashuka. Gari likawa jepesi kabisa, na Leodgar, Mungu amsamehe, alifurahi. Kisha akatazama kioo tena. Festo alikuwa ameinama, kidevu kinakaribia kugusa usukani.

Hakusimama mpaka nyumbani.

Festo alishuka kwa shida, mgongo umepinda, bega la kulia limelala. Juu ya bega hapakuwa na kitu. Lakini kila alipokanyaga uani, mguu ulizama mchangani hadi kifundo.

"Nipe mkono," Leodgar alisema.

"Usinipokee, kaka." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Anasema pa kuutua mzigo wake tumepachukua."

Ndipo Leodgar akalikumbuka jiwe. Akageuka kukimbilia pikapu alirudishe. Hakumwona mama akitoka jikoni.

"Pole mwanangu, umechoka hivyo! Lete nikupokee."

Mama gani asingesema hivyo? Alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote, kwa watoto, kwa wageni, kwa mtu yeyote aliyeingia getini na mzigo.

Festo akanyooka mara moja, akasema "Mayu," jina walilomwita mama yao kwa Kinyamwezi, akaanguka. Leodgar akamdaka, akamlaza chini, akamwita, akamwagia maji mpaka akafumbua macho. Alipoinua kichwa, mama hakuwepo. Nyayo za kandambili zilitoka getini, zimezama kama mashimo ya kupandia mahindi.

Akalifungua lori, akautupa mnyororo nyuma ya pikapu, akazifuata amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Nyayo zilikwenda kando ya barabara, zikapita Kipalapala, zikaendelea. Alilia huku akiendesha, akiita kwa dirisha. Mwendo ule hata pikipiki isingeufikia, lakini mama yake, aliyekwenda kwa miguu, hakumkuta.

Alimkosa mpaka kwenye rundo. Kandambili za bluu zilikuwa juu ya mawe, zimepangwa vizuri, kama zinavyovuliwa mlangoni kwa watu. Leodgar akalirudisha jiwe kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa sauti. Akangoja.

Akainama azichukue kandambili. Hazikunyanyuka.

Akapitisha mnyororo kwenye mikanda ya kandambili, akaingia garini, akavuta. Injini ya Uwesu ililia msitu mzima ukasikia. Magurudumu yakachimba ardhi, mshale ukapita pekundu, mnyororo ukakatika. Ule waya alioukaza kwa koleo haukupinda hata kidogo.

Festo amerudi kufundisha, ila hapokei tena mzigo wa mtu. Mama hajaonekana tena, na kandambili bado ziko pale. Warina asali wanaopita wanasema zinazidi kuzama kwenye mawe chini ya mzigo usioonekana, na sasa mawe yamefika usawa wa ule waya.