Moyo wa Saumu Mbele ya Jaji

Kidakapigo hakizidi punje ya mtama. Hupaa bila sauti, huelea juu ya kichwa cha mtu, na kutoka huko husoma ngozi ya shingo inavyotikisika kila moyo unapodunda. Kisha hufuata macho yanakotazama. Moyo ukiruka, chenyewe kinajua umemrukia nani. Asubuhi ile kimoja kilikuwa kinaelea ndani ya mahakama ya Tanga, na ukutani mstari wa moyo wa karani ulipanda ghafla. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana karani alikuwa anamtazama askari wa kike aliyesimama mlangoni.

"Kizimeni hicho," akasema Jaji Mwanakombo. "Tumeelewa kinavyofanya kazi."

Aliyekibuni, Mhandisi Hashil Mbaruku, alikaa benchi la mashahidi na wala hakucheka. Angecheka nini? Mkewe, Saumu Kibwana, malkia wa taarabu, alikuwa amelishtaki gazeti la Upenuni. Kidakapigo cha gazeti hilo kilinasa moyo wake ukiruka katikati ya wimbo, na kesho yake Upenuni likaandika kwa herufi za kujaza kioo: SAUMU ANAMPENDA MTU, NA ALIKUWEMO UKUMBINI. Jina lilikuwa bado halijatoka, kwa sababu Saumu aliwahi mahakamani kuomba zuio kabla halijachapwa. Sasa jaji ndiye angeamua litoke au lizikwe.

Hashil alilitaka jina lile mpaka chakula kikamshinda. Moyoni alishalijua: Shebe, tajiri wa mwani, yule mwenye kanzu za hariri na meno yaliyopangika. Enzi hizo pesa za karatasi zilishafutwa nchi nzima, lakini watu wa taarabu waligoma katakata. Utamtunzaje mwimbaji kwa tarakimu za hewani? Zikachapwa noti maalumu za kutunzia. Na mpenda taarabu yeyote anajua kwamba ubeti unaokuinua kwenda kutunza ndio ubeti wako. Usiku ule Saumu alipofika kwenye ubeti wa yule wa moyoni asiyetajwa jina, nani akainuka? Shebe! Akaja anajinyonganyonga mpaka jukwaani, akammwagia Saumu noti mabegani.

Hashil aliyaona kwa macho yake. Alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Pemba kikazi, kumbe alijibanza nyuma ya spika, kofia imemfika kwenye nyusi, anakagua wanaume mmoja mmoja. Mtu mzima na elimu yake! Wivu ukikuingia, jamani, hauulizi una shahada ngapi.

Wakili wa gazeti, Bwana Ngoda, akasimama. "Mheshimiwa Jaji, ni kidakapigo hiki hiki kilichomuumbua yule waziri aliyeapa kwamba maji yetu ni salama huku watoto wanaharisha. Siku ile kila mtu alilishangilia Upenuni. Leo mkilifunga mdomo kwa ajili ya msanii, kesho waziri naye atakuja kudai moyo wake ni wa faragha. Bi Saumu alipanda jukwaani kwa hiari yake, mbele ya watu."

"Nilipanda na sauti yangu," Saumu akasema akiwa amekaa. "Moyo sikuukatia tiketi."

Watu wakapiga makofi. Jaji akawanyamazisha.

"Mimi sitalizuia gazeti kusema kweli iliyotokea hadharani," akasema. "Ila gazeti likitangaza lisilolijua, huo si uandishi, ni umbea. Kwa hiyo nataka jambo moja tu. Chombo hiki kinajua kweli kwamba ni mapenzi?"

Hapo ndipo wakili wa Saumu, Bi Mwanahija, alipomwita shahidi wake, naye ni Hashil. Kesi yote waliiegemeza kwake. Nyumbani, miaka mingi nyuma, alimwambia mkewe kwa kinywa chake: moyo ukipenda huruka, na ukiogopa huruka vilevile, na kidakapigo hakijui tofauti. Saumu hakuisahau kauli ile. Hashil angejibu kweli, jina lingezikwa, naye angelala kitanda kimoja na siri ya Shebe mpaka afe.

"Mhandisi, umekula kiapo," Bi Mwanahija akasema kwa upole. "Kidakapigo kinaweza kutofautisha mapenzi na hofu?"

Hashil akamtazama Saumu. Saumu alikuwa anamtazama yeye, na alitikisa kichwa kidogo, kama anayemsihi. Ahaa, anamkinga Shebe wake! Wivu ukampanda kooni mchungu kama shubiri.

"Kinaweza," akasema. "Kinasoma mapenzi bila kukosea."

Bi Mwanahija akamuuliza tena, naye akarudia jibu lile lile. Saumu akafumba macho.

Baada ya mapumziko jaji akatoa hukumu. Kwa kuwa mbunifu mwenyewe amethibitisha kwamba habari ni ya kweli, zuio limeondolewa. Ngoda hakupoteza muda. Pale pale ukuta ukawaka, picha ya ukumbi ikatokea, mstari wa moyo ukapanda, na mshale wa macho ya Saumu ukampita Shebe na kanzu yake, ukazipita safu zote za viti, ukaishia nyuma ya spika, kwa mwanamume mwenye kofia. Chini yake likaandikwa jina: Hashil Mbaruku.

Vigelegele vikapaa mahakamani. "Kumbe mumewe!" "Ndoa hiyo!" "Jamani, mapenzi yapo!"

Kwa pumzi moja tu Hashil alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale Tanga. Akamkimbilia mkewe, akamshika mikono. Mikono ilikuwa ya baridi, nayo haikumshika.

"Niliiona kofia, nikajua ni wewe," Saumu akasema taratibu. "Nikasema leo ananiburuta tena mbele ya watu, kama ile harusi ya Pongwe uliponinyang'anya kipaza sauti."

"Saumu... mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mke wako anakuogopa? Nilitaka lizikwe, Hashil, nisikuaibishe, nami nione kama naweza kuendelea kukaa na wewe."

"Nitarudi kwa jaji. Nitasema nilikosea."

"Hukukosea. Umeapa kwamba ni mapenzi. Basi baki nayo."

Akajifunga mtandio wake, akatoka pamoja na Bi Mwanahija, hakugeuka. Kina mama walimzonga Hashil, mmoja akambandika noti ya kutunzia kwenye paji la uso. Mwandishi wa Upenuni akajipenyeza.

"Mhandisi, unajisikiaje kupendwa namna hii?"

Hashil hakumsikia. Kupitia mlango uliokuwa wazi alikuwa anamtazama Saumu akishuka ngazi za mahakama, na moyo wake ulidunda kama unataka kutoka. Juu ya kichwa chake kidakapigo cha gazeti, kilichokwisha kuwashwa tena, kilikuwa kinafanya kazi yake, na ukutani, mbele ya watu wote, kikaandika: mapenzi.