Matanga ya Papasa

Mihayo alikuwa amekaa sebuleni kwake, mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, miguu mkekani na kikombe cha chai pembeni. Wakati huohuo alikuwa akishuka kwenye pango refu, akiongoza watu wapatao arobaini waliotawanyika nchi nzima, kila mmoja sebuleni kwake. Mkono wake wa kulia ulivaa kigusio, glavu nyepesi iliyojaa vinundu vidogo kama mbegu za mchicha. Vinundu vilipanda na kushuka, vikapata moto na kupoa, vikamwambia yote: jiwe hili limelowa, upepo unatoka kushoto, hapo mbele pana shimo. Mihayo alikuwa kipofu tangu utotoni, na katika mchezo wa Kisima cha Chuma hakuna kiongozi wa mapangoni aliyemfikia.

Chezeshi, kama watu walivyoiita mitambo ya michezo, zilikuwa za aina mbili siku hizo. Papasa ilikupa dunia kupitia vidole. Mwale ilirusha nuru laini hadi ndani ya jicho, ukaona milima na mito ukiwa umeketi kwenye kochi. Zote mbili zilikuwa ufundi wa kustaajabisha, na aliyebuni kila moja alistahili kupewa mkono. Wenye Papasa na wenye Mwale walikutana ndani ya mchezo uleule, na uzuri wake ulikuwa hapo, kwa sababu kule mapangoni giza lilikuwa giza kweli na Mwale haikufua dafu. Wanamwale walishika kiuno cha Mpapasa aliyewatangulia, wakaenda naye.

Na walikuwa wakimtukana njia nzima. Aliyevuma zaidi ni Semeni, fundi wa vipepeo vya chuma, zile mashine ndogo zinazopuliza dawa kwenye mashamba ya zabibu.

"Kipofu wewe," alisema siku hiyo, "ukitutumbukiza leo nakuja Nkuhungu kuing'oa hiyo glavu pamoja na mkono wake."

"Njoo, mtani," Mihayo akajibu. "Ukipotea fuata harufu ya chai. Pua unayo, akili ndiyo sina hakika."

Pango zima likacheka, wakaendelea kushuka.

Mihayo alikuwa na mdogo wake, Nyamizi, injinia katika kampuni ya Nguzo iliyotengeneza mchezo huo. Nyamizi hakucheza. Kazi yake ilikuwa Mbashiri, mashine yenye akili ya kubuniwa iliyosikiliza kila neno lililosemwa ndani ya mchezo, ikalipima, kisha ikasema watu watafanya nini kesho na mwezi ujao. Ilijua ni lini wachezaji wa Kigoma watachoka na mbio za punda. Ilijua wimbo upi utawaliza watu wa Lindi. Ilikosea kwa nadra mno hata wafanyakazi wakawa wanaiuliza habari za uchumba wao. Nyamizi alikuwa ameijenga tangu ikiwa haiwezi kutofautisha kicheko na kikohozi, na aliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokilea.

Basi watengenezaji wa Mwale walikuja Nguzo na ombi. Walitaka mwendelezo wa mchezo, Kisima cha Pili, utoke kwenye chezeshi yao peke yake. Mkurugenzi, Bwana Shechambo, hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimwomba Nyamizi aiulize Mbashiri.

Mbashiri ilijibu bila kusita. Wapapasa wangelalamika majuma mawili, kisha wengi wao wangenunua Mwale. Wanamwale wangeshangilia, kwa kuwa kati ya pande hizo mbili palikuwa na chuki kubwa iliyokomaa. Ikatoa na mifano. Wa kwanza kabisa, uliopewa alama ya juu ya chuki, ulikuwa maneno ya Semeni kwa kipofu wa Nkuhungu.

Nyamizi aliyasoma, damu ikamchemka. Damu nzito kuliko maji, na huyo aliyetishiwa kung'olewa mkono alikuwa kaka yake. Aliamini mara moja kwamba huko mchezoni Mihayo amezungukwa na maadui. Aliuliza kama Mwale ina glavu kwa wasioona, akaambiwa itakuja baadaye, na hilo neno baadaye likamtosha. Akaidhinisha ubashiri, mkataba ukatiwa saini.

Habari ilipotangazwa, mitandao ilichafuka. Wapo waliovunja chezeshi zao kwa nyundo wakajirekodi. Wapo waliotafuta mawakili. Wapo waliotunga nyimbo za kumkejeli mkurugenzi, na nyingine, haki ya Mungu, zilikuwa tamu. Mihayo hakufanya lolote kati ya hayo. Nyamizi alipomtembelea alimkuta kigusio kimekunjwa mezani.

"Mwale inanirushia nuru," Mihayo alisema. "Nuru nitaifanyia nini mimi?"

"Glavu yao itakuja, kaka. Baadaye."

"Nje ya mlango huu nashikwa mkono, Nyamizi. Sokoni nashikwa, hospitali nashikwa, na nashukuru. Lakini kule pangoni mimi ndiye ninayewashika wenzangu. Kisima cha zamani wanakizima mwisho wa mwaka. Baada ya hapo nitakuwa nimekaa tu hapa."

Nyamizi alijitetea kwamba angalau Mihayo hatatukanwa tena na watu kama yule mwanamke wa zabibu. Mihayo akageuza uso kuelekea sauti ya dada yake, akauliza kwa mshangao ni nani aliyemwambia kwamba anatukanwa. Nyamizi alidhani anajikaza kiume, akaaga.

Wapapasa walikuwa wameamua. Kwa kuwa chezeshi yao imeuawa, wataizika, tena mbele ya jengo la Nguzo, asubuhi ileile Kisima cha Pili kitakapofunguliwa. Siku ilipofika walitandika majamvi, wakasimamisha turubai, wakachimba kaburi katikati ya bustani ya maua ya kampuni. Papasa moja kuukuu ililazwa kwenye jeneza dogo, imevishwa sanda. Walinzi wa chuma walisogea, wakapima, wakakuta kwamba hakuna amri waliyopewa kuhusu mazishi. Wakarudi mahali pao.

Juu, kwenye ukumbi wa ghorofa ya mwisho, Mbashiri ilisema Wanamwale hawataonekana hapo chini. Watakuwa nyumbani, macho kwenye nuru.

Mabasi ya angani yakaanza kutua. Walishuka Wanamwale, kwanza kumi, kisha mamia, wamejipaka unga usoni, wamevaa nguo kinyume. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mnene aliyevaa kigusio kwenye mguu, akilia kwa sauti ya bandia. Ndiye Semeni. Alimtangazia kila mtu kwamba marehemu alikuwa mvivu, mchoyo na mwenye mikono michafu, na kwamba yeye amekuja tu kula ubwabwa. Wapapasa, waliokuwa na simanzi ya kweli tangu alfajiri, walianza kucheka huku wakifuta machozi. Na wakati Semeni akiendelea kumsengenya marehemu, wenzake walikuwa wameshavua viatu, wamewasha mafiga, wameshika ndoo na visu. Katika msiba, mfiwa hachoti maji wala hapiki. Kazi hiyo ni ya mtani wake.

Jeneza liliposogezwa, Semeni alitumbukia kaburini, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa," alisema. "Marehemu aamke kwanza."

Saa nne ilipogonga, Kisima cha Pili kilifunguka. Kwenye ukuta mkubwa wa ukumbini ikatokea dunia ambayo mafundi wa Nguzo walikuwa wameihangaikia kwa miaka: maporomoko ya maji ya rangi ya zambarau, miji iliyoning'inia kwenye minyororo, ndege waliojua majina ya wapita njia. Ilikuwa nzuri kupita maelezo, na haikuwa na mtu hata mmoja. Ndege waliruka kutoka mnyororo hadi mnyororo, hawana wa kumwita.

Mbashiri ikatoa taarifa: hitilafu ya mtandao. Mafundi wakakagua mtandao, ukawa mzima. Mbashiri ikarudia: hitilafu ya mtandao.

"Wako wapi?" Bwana Shechambo aliuliza.

Nyamizi alikuwa dirishani. "Wako chini, Bwana Mkurugenzi. Wanamenya viazi."

Nyamizi alishuka mwenyewe. Hakuna aliyemjua, mtu akampa kisu, akaketi kwenye jamvi akamenya na wengine. Halafu alijikaza akasogea ukingoni mwa kaburi. Sauti iliyotoka shimoni aliitambua kutokana na rekodi za Mbashiri, kabla hajaona uso. Alimwamkia, akamuuliza kwa adabu ni kwa nini hayuko nyumbani kwake, kwenye mchezo aliousubiri muda wote huo, ambao sasa ni wake na wenzake peke yao.

Semeni alifumbua jicho moja.

"Nyumba ya mtani ina matanga, mimi nicheze ngoma?" alisema. "Watu watanionaje? Na siku yangu ikifika, nani atakuja kunisema vibaya?"

Alikuwa akisema jambo analolijua mtoto yeyote aliyekulia nchini humu. Nyamizi naye alilijua. Babu yake alikuwa amezikwa mbele ya macho yake, na watani wa ukoo walikuwa wameiba jembe la kuchimbia na kuwachekesha wajane. Alilijua, ila hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa limo ndani ya yale maneno aliyoyapima kila siku kwa alama za chuki. Aibu ilimshika, akatamani kuingia mle kaburini alale na yeye.

Matanga yalikwenda kama desturi. Semeni alipochoka, Mwanamwale mwingine alishuka kumpokea zamu, na marehemu hakuzikwa. Watengenezaji wa Mwale walikuja mbio, kwa sababu chezeshi yao ilikuwa imenyamaza kila mahali. Walikaa na Bwana Shechambo nyuma ya milango iliyofungwa. Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, mkurugenzi alisimama mbele ya turubai akatangaza kwamba mkataba umebadilishwa, na Kisima cha Pili kitatoka kwa Papasa pia. Semeni, zamu ikiwa imemrudia, aliinuka kaburini, akajikung'uta udongo, akadai kuku mzima kwa usumbufu aliopata. Alipewa.

Bwana Shechambo hakuwa mtu mbaya, na kushindwa kule kulimvutia kuliko kulivyomuudhi. Alimwita Nyamizi ofisini, akamwambia amestaajabu, hajawahi kuona watu wakikataa zawadi kwa ajili ya wapinzani wao. Kisha akatoa ombi lake.

"Ifundishe Mbashiri utani, injinia. Isikosee tena."

Nyamizi aliomba muda afikiri. Iliwezekana, na kwa ufundi ilikuwa kazi tamu kuliko zote alizowahi kupewa. Alianza hata kuichora. Ndipo alipoona kile ambacho mashine itasema ikishajua: kabla ya mkataba ujao, mtafuteni Semeni, mpeni safari ya kwenda mbali juma lile la uzinduzi. Pelekeni habari kwa Wanamwale taratibu, ili pasiwe na siku moja ya msiba watakayokusanyika. Ingebashiri hivyo, na isingekosea.

Alirudi akasema hataifundisha.

"Huwezi, au hutaki?" mkurugenzi aliuliza.

"Naweza vizuri sana. Kile ni kitu chao, Bwana Mkurugenzi. Wanacho kwa sababu sisi hatukijui."

Walizungumza kwa heshima hadi mwisho, kama watu wazima. Kampuni ingetafuta mtu mwingine, na huyo mtu huenda angejaribu. Nyamizi alikabidhi Mbashiri, akatoka bila kuaga mashine, maana hakujua ingemjibu nini.

Kisima cha Pili kilipofika Papasa, alikwenda Nkuhungu. Mihayo alimvisha kigusio cha akiba, akamwonyesha namna ya kulegeza vidole. Walishuka pangoni pamoja, Mihayo mbele. Hatua za kwanza tu, Nyamizi alijigonga kwenye mwamba, akawaangusha watu wanne waliokuwa nyuma yake.

"Nani huyo?" sauti ya Semeni ikauliza gizani.

Mihayo akasema ni mdogo wake, injinia, wa Nguzo, yule wa Mbashiri.

"Aa," Semeni akasema. "Kumbe kwenu kipofu ni wewe."

Kicheko kikalipuka, na Mihayo akacheka kuliko wote. Nyamizi alifungua mdomo ajibu. Matusi mamilioni yalikuwa yamepita mikononi mwake, ameyapima na kuyapanga, na sasa halikumjia hata moja. Mihayo alimgusa bega, akamnong'oneza kwamba mtani hasubirishwi. Mbele na nyuma yake watu wote wakanyamaza, wakamngoja.