Stika ya Goti

Kila asubuhi Korongo na baba yake walipishana mlangoni. Baba alikuwa akirudi lindoni, macho mekundu. Binti akienda shule, begi mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chai?"

"Iko kwenye chupa."

Basi. Maongezi ya kutwa yaliishia hapo. Jioni baba aliamka, akavaa koti lake, akatoka.

Jina la Korongo alibandikwa na wenzake darasani, tangu alipovunjika mguu na goti likakataa kunyooka. "Korongo, angalia usikanyage vyura!" walimtania. Wakicheza mpira, yeye alilinda mabegi. Mabegi hayana maneno.

Aliyezungumza naye kwa kituo alikuwa mmoja tu, daktari wa mazoezi wa kliniki. Kila Alhamisi daktari alimbandika stika tatu ubavuni mwa mguu: nyongani, gotini na kwenye kifundo. Aliweka simu juu ya kigoda irekodi, Korongo akapita mbele yake akitembea. Kisha daktari alisimamisha picha, akachora mstari toka stika hadi stika, akasoma goti limepinda kiasi gani.

"Aa, leo umenyooka kama rula! Mwezi ujao nakufukuza hapa, sitaki kukuona tena!" Daktari alicheka. Korongo hakucheka.

Alhamisi iliyofuata daktari alimpa stika. "Wewe sasa fundi, jibandike mwenyewe."

Daktari alipoinama kuweka simu sawa, Korongo aliisogeza stika ya goti mbele kidogo. Kidogo tu. Kwenye picha mstari ukapinda.

Wiki ya pili akafanya vilevile. Daktari alikunja uso. Akapima upya, jibu lilelile. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, akampa video bila kumwambia alichopata yeye. Naye akaleta jibu lilelile.

"Basi hatujakosea kusoma," daktari alisema taratibu. "Goti linarudi nyuma. Itabidi umwone daktari wa upasuaji, mwanangu. Huenda wakalifungua."

Daktari alikwishashika simu ya mezani.

"Daktari, usimpigie."

"Unaogopa kisu? Hata mimi nakiogopa."

"Si kisu. Ni stika. Niliisogeza."

Daktari alirudisha simu mahali pake. "Watu huja hapa wakijikaza nione wamepona. Wewe unataka nione unaumwa. Kwa nini?"

"Ukiona nimepona hutaniita tena." Korongo aliangalia sakafu. "Nyumbani hakuna wa kuongea naye."

Daktari alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Sikia, binti. Tumesoma watu wawili, tukapata jibu moja, na sote tumekosea. Macho yetu ni mazima, ila kipimo huanzia kwenye mkono wa anayebandika. Mkono ukidanganya, hata mabingwa kumi watakubaliana juu ya uongo. Na upweke nao unauma. Ungeniambia, ningeutafutia dawa yake. Umeuficha gotini, kidogo tukupasue goti lisilo na kosa."

Jioni hiyo daktari alimpigia baba. Waliongea kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata baba hakuulizia chai. Alisimama mlangoni na koti lake la lindo. "Twende, nikusindikize. Nimeambiwa goti linataka kutembezwa." Toka hapo wakawa wanakwenda pamoja hadi lango la shule, baba akipiga miayo njia nzima.

Alhamisi Korongo alikuja na simu ya baba, ndani yake video aliyomrekodi njiani. Picha ilicheza huku na huko; mara miguu, mara ukuta, mara kidole cha baba. Sauti yake nzito ilisikika: "Nyoosha, mama. Hivyo hivyo. Ah, kumbe unatembea vizuri!"

Daktari alitikisa kichwa akicheka. "Hii haipimiki hata kwa dawa. Ya kupimia tutarekodi nyingine, na stika nitabandika mimi."

Akamrudishia simu.

"Lakini hii, mwanangu, usiifute."